Mwali wa Ghorofa ya Nne

Ikifika wiki ya tatu ya Desemba, milango ya chuma ya maduka ya Kariakoo huanza kuteremshwa, mmoja leo, miwili kesho, na fundi cherehani ambaye hakujiwekea zipu na lastiki za kutosha hana budi kungoja mpaka Wachaga washuke tena kutoka mlimani. Duka la Josepha, Mtaa wa Narung'ombe, halikuwahi kuwa la mwisho kufungwa. Nyumbani kwake siku ya kwenda Rombo, kule Kilimanjaro, ilikuwa haijadiliwi, kama isivyojadiliwa Krismasi yenyewe.

Kabla ya safari huja usafi. Mama yake alimlea kwa kanuni kwamba mtu haachi nyumba chafu nyuma yake, kwa kuwa hajui ni nani atakayekuja kuifungua. Kwa hiyo kila mwaka, siku chache kabla ya kupakia gari, makazi yao ya ghorofa ya nne huvuliwa nguo: mapazia yanafuliwa, makapeti yanakung'utwa, friji inasogezwa ili nyuma yake pafagiwe. Desemba iliyopita usafi huo ulifika hadi kwenye tangi la kioo lililoko sebuleni, na hapo ndipo balaa lilipopata mlango.

Tangi lenyewe ni refu kama kitanda cha mtoto, limejaa maji ya bahari. Ndani yake mna mawe, mchanga, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, na mnyama ambaye kila mgeni akimwona mara ya kwanza humdhania ua. Vitabuni huitwa anemoni. Hana macho wala mfupa. Ana unyayo mmoja wa kujishikizia kwenye jiwe, mdomo mmoja juu katikati, na kuuzunguka mdomo huo minyiri mingi kama ya pweza, ila yake ni mifupi na laini, na ncha zake ni za zambarau. Kiumbe chochote kikiigusa huwashwa, isipokuwa wale samaki wawili. Wao hulala humo humo.

Jina lake katika jengo ni Mwali. Alipewa na Bi Mgeni Uledi, jirani wa mlango wa pili, ambaye familia yake ilikuwa na nyumba ya Kiswahili kwenye kiwanja hichohicho kabla halijasimama ghorofa. Siku ya kwanza kumwona, Bi Mgeni alisimama mbele ya kioo akiwa ameshika kiuno.

"Huyu ni mwali," alisema. "Kawekwa ndani, hatoki, hafanyi kazi, kazi yake kupendeza. Na hao wawili ndio makungwi wake. Hebu waone wanavyomnong'oneza."

Jike, aliye mkubwa kuliko dume, akawa Kungwi Mkubwa. Mwingine akaitwa msaidizi wake, na hakuna aliyewahi kumtafutia jina la peke yake.

Josepha hakuzaliwa na bahari. Aliiona mara ya kwanza akiwa msichana mkubwa, alipoletwa Dar es Salaam kumsaidia shangazi yake dukani, na hata sasa, akivuka Magogoni kwenda harusini Kigamboni, hukaa katikati ya kivuko akiwa amefumba macho. Mwali alimfikia kwa njia ya zipu. Amira, mshonaji wa magauni ya harusi aliyekuwa akiishi Upanga, alikuwa mteja wake wa miaka mingi, na Josepha ndiye aliyekuwa radhi kuzunguka Kariakoo nzima kumtafutia zipu ya rangi ileile ya kitambaa, hata kama iliyotakiwa ni moja. Familia ya Amira ilipohamia ng'ambo, tangi halikuweza kwenda nao. Amira alikuwa na jamaa waliojua samaki. Alimwita muuza zipu.

"Alikuwa kwangu kabla sijaolewa," alimwambia wakiwa wamesimama kati ya maboksi. "Akitunzwa atatuzika sote. Sikupi zawadi, Josepha. Nakuachia amana."

Neno hilo lilimkaa. Zawadi mtu anaweza kuichoka akampa mwingine. Amana haina ruhusa hiyo. Josepha alijifunza kupima chumvi ya maji, alijifunza kwamba maji yakipungua kwa joto chumvi yake hubaki, hivyo huongezwa maji yasiyo na chumvi na si ya bahari, na alijifunza kukaa mbele ya kioo bila kutia mkono. Hilo la mwisho, anasema, lilimchukua muda kuliko yote.

Siku ya usafi alichomoa sponji linaloziba mdomo wa pampu, ile inayosukuma maji ya tangi ili yasitulie. Lilikuwa limeota ukungu wa kijani. Alilisugua, akalikamua, akalianika kibarazani kati ya mapazia mawili, kisha akakimbilia dukani, ambako wateja wa kufunga mwaka walikuwa wamejaa hadi nje. Alikusudia kurudi upesi.

Mchana umeme ulikatika. Maji yakatulia, na anemoni hapendi maji yaliyotulia. Polepole aliachia jiwe lake na kuanza kutafuta mahali pengine. Alikuwa bado njiani umeme uliporudi. Pampu ikaanza kuvuta, mdomo wake ukiwa wazi.

Josepha aliporudi, kitu cha kwanza alichokitambua ni mlio. Pampu ilikuwa ikikoroma. Makungwi wawili walikuwa wamejibanza kwenye kona ya juu, na ndani ya maji vilielea vipande vya zambarau, kama mabaki ya lesi kwenye sakafu ya fundi.

Hakupiga kelele. Alichomoa waya ukutani. Mumewe Anselmi, ambaye alikuwa chumbani akifunga mizigo ya kupeleka Rombo, alikuja, akaona, akanyoosha mkono.

"Usimvute," Josepha alisema.

"Si amenasa?"

"Ndiyo maana. Ukimvuta utabaki na nusu yake. Nipe beseni."

Aliteka maji ya tangi ndani ya beseni, akaitoa pampu pamoja na kilichonasa, akaizamisha humo na kufungua kifuniko chake. Kisha, kwa kidole alichokivika mfuko wa plastiki, akaizungusha pangaboi ya pampu kinyumenyume, kidogo kidogo. Ni kazi aliyoijua. Zipu ikitafuna kitambaa, asiyejua huvuta, na gauni huharibika hapo. Anayejua huirudisha zipu ilikotoka, jino moja baada ya jingine, mpaka yenyewe iachie.

Kilichoachiwa kilikuwa kidogo kuliko ngumi. Upande mmoja minyiri karibu yote haikuwapo. Unyayo ulikuwa umechanika, na mdomo umeachama.

"Mama Vicky," Anselmi alisema kwa upole, "huyu ameshakwenda."

"Hajaenda."

"Basi mtie kwenye ndoo. Akifia humo tangini ataua na wale samaki. Si wewe uliyeniambia?"

Ni yeye. Anemoni akifa huoza upesi kuliko samaki, na maji aliyofia huwa sumu kwa wote waliomo. Ndoo ingewaokoa makungwi. Lakini maji kidogo ya ndoo, katika joto la Desemba la Kariakoo, yangekuwa moto kabla ya adhuhuri na chumvi yake kubadilika, na mgonjwa aliyechanika hawezi mabadiliko. Ndoo ilikuwa salama kwa wote isipokuwa kwake. Tangi lilikuwa salama kwake na hatari kwa wote. Josepha alivitazama vyote viwili. Kisha akaenda jikoni, akarudi na kikapu cha plastiki chenye matundu, kile cha kuoshea mboga. Alikitandika jiwe bapa, akamlaza Mwali juu yake, akafunika kwa kipande cha neti na kukining'iniza ndani ya tangi.

"Na akifa?"

"Nitanusa. Kila alfajiri nitakiinua kikapu ninuse. Aliyekufa hafichi. Akinuka, namtoa mwenyewe."

"Na Rombo?"

Josepha alikwenda kibarazani. Alisimama akilitazama sponji. Lilikuwa kavu kabisa na safi kabisa.

Kwa desturi, safari ya Desemba haikuwahi kumsumbua Mwali. Bi Mgeni ndiye aliyebaki na ufunguo. Alijua kuongeza maji, alijua kipimo cha chakula cha samaki, na alikuwa mwaminifu kuliko saa. Usiku huo Josepha alilala akijiambia kwamba mwaka huu pia itakuwa hivyohivyo.

Asubuhi Bi Mgeni alibisha hodi akiwa na mfuko.

"Karibu, Bi Mgeni. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mwali kaumia. Pole sana." Alikwenda moja kwa moja kwenye kioo, akainama, akatikisa kichwa. "Maskini. Nimemletea kamba wawili wa sokoni Feri, wabichi, wa leo."

"Bi Mgeni, ungeacha tu."

"Nije kumtazama mgonjwa mikono mitupu, kama polisi?"

Kumkatalia mtu mzima zawadi aliyomletea mgonjwa ni jambo ambalo Josepha hakuwa na maneno yake. Kamba mmoja alimwingiza kwenye friza. Wa pili Bi Mgeni alimmenya mwenyewe, akamkata, akashusha kipande kwa kijiti mpaka mdomoni. Mwali alikikunja taratibu kwa minyiri iliyobaki. Bi Mgeni aligeuka akiwa na uso wa mtu aliyeondoa tatizo.

"Unaona? Njaa tu."

Alasiri Mwali alikitapika. Kipande kilitoka kimefungwa kwenye ute mweupe, na ute huo ulikuwa na nyuzi zilizofanana na za ndani ya mwili wake mwenyewe. Maji yaliingia ukungu. Kungwi Mkubwa alikidaka kile kipande kilipochuruzika nje ya kikapu, akakibeba mdomoni, akawa anakigongesha kwenye neti akitaka kukirudisha kwa mgonjwa.

"Naye kaja na hotpoti yake," alisema Anselmi, lakini hakucheka, kwa sababu alimwona mkewe usoni.

Josepha alikuwa anakumbuka zizi. Kwao, ng'ombe hawakuchungwa nje. Walilala ndani ya nyumba, nyuma ya ukuta wa mbao, na walilishwa majani na migomba iliyokatwakatwa. Ng'ombe akiugua, mama yake hakumpelekea majani. Aliyaondoa. Aliondoa hata yale aliyoyakuta mbele yake, akabadilisha maji, akavuta kigoda, akakaa. Majirani wakija na ushauri aliwapokea mlangoni na kuwakaribisha kahawa, na ushauri wao ukaishia hapohapo. Josepha mdogo aliwahi kuuliza kwa nini mama hafanyi kitu. "Ninafanya," mama alijibu. "Ninamlinda na wanaompenda."

Hivyo alijua atakachokifanya, na alijua pia kwamba ufunguo hauwezi kubaki kwa Bi Mgeni. Bi Mgeni angemwua Mwali kwa upendo, kipande kwa kipande, na kila kipande kingekuwa kibichi cha Feri.

Kwanza yalihitajika maji. Alimpigia Bushiri, dalali wa samaki kule Feri, ambaye kila mwezi humtekea maji kwa boti ya jamaa zake. Bushiri alikuja na bajaji iliyojaa madumu, akayapandisha ngazi na mtu wake mmoja, akaingia akipangusa jasho.

"Dada Josepha, mimi nanadi waliokufa, wewe unauguza walio hai. Ukifanikiwa nitakosa kazi."

"Umeyatoa wapi haya?"

"Nje kabisa, usiwe na shaka. Huku mlangoni mwa bandari mvua zimeyaharibu, yamekuwa chai ya maziwa. Nikuletee hayo nionekane mhuni?" Alisogea kwenye kioo. "Ndiye huyu? Sisi tukimkuta kwenye nyavu tunamrusha. Anawasha mno. Sikujua kama na yeye anaugua." Alisimama pale zaidi ya alivyokusudia. "Atapona?"

"Sijui, Bushiri."

"Basi nitaleta mengine kesho kutwa. Usinipigie, nitakuja."

Alipoondoka, Josepha alipima chumvi, akayaacha madumu sebuleni yapate joto moja na la tangi, na ndipo akamwambia mumewe kwamba hataenda.

Anselmi alikaa kitini. Hakuwa mtu wa ugomvi. Lakini yeye ni mzaliwa wa pili katika nyumba ambayo Krismasi huchinjwa mbuzi, na kila kipande cha mbuzi huyo kina mwenyewe kwa nafasi yake katika ukoo, na kipande kisichokuwa na mwenyewe huulizwa mbele ya watu wote.

"Nitawaambiaje? Kwamba mke wangu amebaki na..." Alitafuta neno, akaelekeza kidole.

"Waambie ukweli."

"Ukweli huo, Mama Vicky, hausemeki mbele ya ukoo."

"Basi nitausema mimi."

Aliyepaswa kuambiwa ni kaka mkubwa, Leodegar, anayeishi kwenye boma la baba yao na anayefahamika kwa kutopokea udhuru. Mwaka mmoja mpwa wake alileta habari kwamba amevunjika mguu. Leodegar alijibu kwamba basi halipandi mlima kwa miguu ya abiria, na kijana akaja na magongo yake. Josepha alimpigia akiwa amesimama.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mko njiani?"

"Anselmi anakuja. Mimi sitakuja, kaka. Nina mgonjwa."

"Nani anaumwa?"

"Mnyama wangu wa majini. Ulimwona ulipokuja kutibiwa macho."

Upande wa pili alisikika jogoo. Mbali kidogo mtu alikuwa akipasua kuni.

"Lile ua?"

"Si ua, kaka. Ni mnyama. Ameumia kwa kosa langu, na niliachiwa amana."

"Anakula?"

"Nimemzuilia chakula."

"Vizuri. Amesimama?"

"Bado. Unyayo umechanika."

Leodegar alikohoa. "Ule mwaka ng'ombe wetu alipokwama kuzaa mkesha wa Krismasi, nani alikwenda misa?"

"Wewe hukwenda, kaka."

"Sikwenda. Padri akaniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia, baba, mimi nilikuwa zizini, na Mtoto Yesu alizaliwa zizini, sasa ni nani kati yetu aliyekuwa mbali naye?" Alisubiri kidogo, kama anayempa msikilizaji nafasi ya kucheka, na Josepha akacheka. "Kaa na mgonjwa wako. Lakini huyo Anselmi asiniletee habari za samaki. Aje."

Anselmi aliondoka alfajiri ya Jumatano na gari lililojaa mchele, sukari na mafuta. Kariakoo ikabaki kama nyumba baada ya msiba, watu wachache na viti vingi. Mtaani unaweza kuona lami, jambo ambalo mwezi mwingine haliwezekani.

Josepha aliingia kazini. Tangi alilifunika kwa mapazia yale aliyoyafua ili mwanga uwe hafifu. Feni aliielekeza juu ya maji, na jua lilipokuwa kali aliweka chupa za maji yaliyogandishwa zielee humo, akizibadilisha kabla hazijayeyuka zote. Maji machafu aliyatoa kidogo kidogo na mengine mapya akayarudisha taratibu kwa mrija mwembamba. Kila alfajiri alikiinua kikapu, akainama, akanusa. Kazi hiyo ndiyo iliyomtia woga. Alikuwa akivuta pumzi akiwa ameshajiandaa kumtoa, na kila alipokuta harufu ya bahari tu, alikishusha tena.

Kati ya kazi hizi alishona. Alikata neti ngumu, akaitengenezea pampu mfuko wa kuivaa mwili mzima, na ubavuni akautia zipu ya plastiki, meno ya plastiki na kichwa cha plastiki, kwa kuwa chuma hutoa kutu na madini mengine huua viumbe wa baharini. Alishona mifuko miwili. Mmoja ukitoka kuoshwa, mwingine unakuwa umeshavaliwa. Ukiitazama kazi hiyo leo, mshono wake umenyooka kama wa gauni la duka kubwa, ingawa hakuna atakayeuona isipokuwa samaki wawili.

Kwa Bi Mgeni alikwenda mwenyewe na kumweleza mlangoni, bila kuzunguka. Mgonjwa asilishwe. Aje amtazame wakati wowote, lakini asimletee kitu.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Bi Mgeni."

"Mimi toka nizaliwe sijaona mgonjwa wa namna hiyo."

"Mimi pia."

Bi Mgeni alikasirika kwa siku moja. Siku ya pili alikuja mikono mitupu, akakaa ukingoni mwa kochi kama mgeni asiyejua pa kuweka mikono yake, akasoma dua kimoyomoyo, akaenda zake.

Siku ya Krismasi Josepha alirudi kutoka misa ya asubuhi akakuta Mwali amekwisha. Hakuna neno jingine. Mwili ulikuwa umesinyaa ukawa kama kitambaa kilicholowa, umelala ubavu juu ya jiwe, minyiri imenywea, na mdomo umefunguka mpaka ndani kukaonekana. Alikuwa bado amevaa viatu vya kanisani Bi Mgeni alipoingia na sinia la pilau lililofunikwa kawa.

"Leo sikukuu yenu na huna mtu, nimesema tule—" Bi Mgeni alikiona kikapu. Aliweka sinia chini. "Inna lillahi..."

"Bado, Bi Mgeni."

"Mwanangu, mtazame."

"Namtazama."

Makungwi walikuwa wakizunguka kikapu. Ndoo ilikuwa pale pale pembeni, ilipokuwa tangu siku ya kwanza. Josepha alijua kwamba akikosea sasa, kabla ya magharibi tangi lote litakuwa kaburi, na atakuwa na maneno gani ya kumwandikia Amira? Alikiinua kikapu. Alinusa. Alimsogezea Bi Mgeni.

"Nusa na wewe."

"Mimi pua yangu ya kutegemewa? Nimefukiza udi toka utotoni." Hata hivyo aliinama, akanusa mara mbili kama anayechagua samaki. "Bahari," alisema. "Bahari tu. Kama kuna kingine, sikisikii."

Josepha alikirudisha kikapu majini na kuvuta kiti. Bi Mgeni akavuta kingine. Pilau lililiwa hapohapo, mbele ya tangi, kwa mazungumzo machache. Mgonjwa hakuguswa. Adhuhuri ikapita. Ilipokaribia alasiri, Bi Mgeni, aliyekuwa ameanza kusinzia, alihisi mkono wa Josepha juu ya goti lake.

Mdomo ulikuwa umefunga. Kutoka chini, taratibu kama unga unaoumuka, Mwali alikuwa akijaa. Alikuwa ameyamwaga maji machafu yote ya mwilini, na sasa alikuwa anavuta yaliyo safi. Mnyiri mmoja ulinyooka, kisha wa pili. Upande ulionyofolewa palionekana vitu vidogo kama vichwa vya pini, vya zambarau.

"Anaota upya?" Bi Mgeni aliuliza kwa sauti ya chini.

"Anaota."

Baada ya Mwaka Mpya Josepha alikiinamisha kikapu kidogo, kisha zaidi. Mwali hakuteleza. Unyayo ulikuwa umeshika jiwe, na kovu lake lilionekana kama mshono mweupe. Alilihamisha jiwe zima, na Mwali juu yake, hadi mahali pake pa zamani. Makungwi hawakuingia mara moja. Kungwi Mkubwa alikaribia kwa mkia, akajigusisha, akaruka, akarudi akagusisha ubavu, na aliendelea hivyo mchana kutwa, mpaka akazama ndani akabaki na macho tu. Msaidizi akafuata.

Anselmi alirudi akiwa na vumbi la safari na furushi la majani ya mgomba. Ndani yake mlikuwa na nyama iliyobanikwa ikakaushwa kwa moshi, kipande cha mke wa mzaliwa wa pili, ambacho mwenyewe akikosekana kwa kawaida hupewa mwingine.

"Kaka alikikata mbele ya watu wote," Anselmi alisema. "Akauliza, cha huyu kiende wapi? Wakasema, mpe aliyekuja. Akasema, hapana, huyu yuko zizini." Aliuegemea mlango, akalitazama tangi kwa muda. Kisha akauona mfuko wa pampu. "Umeitia zipu?"

"Nimeitia."

"Makubwa," alisema, na kwenda kuoga.

Jioni hiyo, nyama ikichemka jikoni, Josepha alikwenda kugonga mlango wa pili. Alimleta Bi Mgeni mpaka mbele ya kioo, kisha akafungua friza na kutoa mfuko mdogo. Ndani yake alikuwemo yule kamba aliyebaki, ameganda, akiwa bado na gamba lake.

"Huyu ni wako," alisema. "Nilimtunza."

Alimyeyusha kwenye bakuli, akamkata kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo.

"Hicho tu?" Bi Mgeni alisema. "Hata paka atanicheka."

"Hicho tu, Bi Mgeni. Kingine wiki ijayo, na utakitoa wewe."

Bi Mgeni alikishusha kwa kijiti, mkono ukiingia majini. Minyiri mipya, iliyokuwa bado mifupi, ilikigusa na kukinasa. Ile mirefu ikakunja kutoka upande wa pili. Mwali alikivuta ndani polepole, mdomo ukafunga, na Kungwi Mkubwa akazunguka mara moja kuhakikisha kwamba hakuna kilichobaki.

Walingoja. Hakuna kilichorudi. Ndipo Bi Mgeni alipofuta mkono kwenye kanga, akavuta kiti na kukaa vizuri, mgongo wote kwenye egemeo, kama anavyokaa mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa na zawadi yake ikapokewa.